Korongo Moja, Ofisi Nyingi: Kuhusu Milima ya Irangi

Ramani ya Mkoa wa Dodoma inayotundikwa kwenye kuta za maofisi ina kasoro ambayo mtu aliyekulia Irangi hawezi kuivumilia: ni bapa. Kondoa iko juu kabisa, kaskazini, imepakwa rangi moja kama wilaya nyingine zote. Mstari wa lami unaipita katikati kutoka Dodoma mjini hadi Babati, na vidoti vinaonyesha makao makuu ya kata. Anayeitazama anaweza kudhani kutoka Pahi kwenda Haubi ni safari ya kunyoosha rula.

Nimeishi Dodoma mjini miaka mingi sasa, na kila ninapomwambia mtu kwamba kwetu ni milimani, ananitazama kwa mshangao. Kwa wengi Dodoma ni mibuyu, zabibu, vumbi na jua. Lakini mkoa huu una nyanda zake za juu, na nimeamua kuziandika kwa sababu kuna jambo naliamini kwa moyo wote: milima ya Irangi haitaponywa na ofisi yoyote peke yake mpaka tukubali kuitawala kwa kufuata njia ya maji. Mipaka tunayoitumia leo imefuata barabara, idadi ya watu na umbali wa ofisi. Hakuna aliyeuangalia mteremko.

Nianze na nchi yenyewe. Kondoa mjini iko kiasi cha kilomita 160 kaskazini mwa Dodoma, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo kwenda kaskazini na mashariki ardhi inapanda. Vilima vingi vya Irangi viko kati ya mita 1,500 na 2,000, vimebanana, na upande wa mashariki vinakatika ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. Ukisimama pale ukingoni asubuhi unaiona nyika ya Wamasai chini yako, tambarare mpaka macho yachoke. Vijiji vimejibanza kwenye mabonde ya kati na kwenye migongo ya vilima. Haubi imezungukwa na milima, na ndani yake kuna ziwa la kina kifupi ambalo hupokea sehemu kubwa ya udongo unaosombwa kutoka kwenye miteremko inayolizunguka.

Sasa tazama maji yanakokwenda. Upande wa magharibi na kusini vijito vinaingia Mto Bubu, ambao unapita Kondoa, unateremka Chemba na kuishia kwenye mbuga za Bahi. Upande wa kaskazini unaanzia Mto Tarangire, ule ule unaowanywesha tembo ndani ya hifadhi yenye jina hilo kule Manyara, kabla haujamwagika Ziwa Burunge. Mito yote miwili haifiki baharini. Inazaliwa kwenye nyanda za kati na kuishia huku huku, na kwa hiyo kila kinachotendwa juu milimani kina mtu wa kukipokea huku bara: mkulima wa mpunga wa Bahi, mfugaji wa Chemba, mwongoza watalii wa Tarangire.

Watu hawakupanda milima hii kwa bahati mbaya. Mvua huku ni nyingi kuliko Dodoma mjini, ambako kwa mwaka hazifiki milimita 600. Mabondeni kulikuwa na mbung'o, ng'ombe hawakudumu. Nyikani kulikuwa na uvamizi wa kupora mifugo. Milimani kulikuwa na chemchemi, udongo laini wa kulima kwa jembe la mkono, na mahali pa kumwona mgeni kabla hajafika. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipumzika Kondoa Irangi kwa sababu hizo hizo, maji na chakula, na pamoja na biashara ukaja Uislamu ambao mpaka leo ndio dini ya wengi huko kwetu. Hata majeshi yalipataka. Aprili 1916 kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na van Deventer kiliingia Kondoa Irangi, kikakwamishwa hapo na masika, na mwezi uliofuata Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakajaribu kuurudisha mji bila mafanikio. Vitabu vya vita vinaeleza mizinga na idadi ya askari. Mimi nikivisoma huwaza wanavijiji waliolisha majeshi mawili katika msimu mmoja.

Na watu wenyewe si wa aina moja. Warangi ndio wengi milimani. Waalagwa wako Kolo na kando zake. Ukishuka kwenda upande wa Chemba unawakuta Waburunge, kisha Wasandawe wa Kwa Mtoro na Farkwa wenye lugha ya vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi. Wamasai na Wabarbaigi wako pembezoni na mifugo yao. Lugha za Kibantu, za Kikushi, za Kiniloti na Kisandawe zinakutana ndani ya eneo ambalo mtu wa pikipiki anaweza kulizunguka kwa siku chache. Sehemu za namna hiyo barani Afrika ni chache sana, na afisa anayepangiwa kazi huko anatakiwa alijue hilo kabla hajaitisha mkutano wake wa kwanza.

Nirudi kwenye udongo, maana huko ndiko moyo wangu uliko. Udongo wa Irangi ni mwekundu, mwingi, na haukazi. Mvua ikianza mwishoni mwa Novemba au Desemba huwa inakuta ardhi imekauka miezi mingi, mashamba yamelimwa, majani yameliwa na mifugo au yamechomwa. Mvua hiyo hainyeshi kwa upole. Maji yanatafuta njia, na njia yanayoipata kwanza ni ile ya ng'ombe au ya watu wanaokwenda kisimani. Mwaka wa kwanza ni mfereji ambao mtoto anauruka. Miaka michache baadaye ni korongo ambalo mtu mzima akisimama ndani haonekani. Kuta zake hukatika kila masika, korongo linakula shamba la kulia, linakula la kushoto, linapanda juu kuelekea kilipoanza kilima. Udongo unaotoka hapo hauendi mbali wote. Mwingi unageuka mchanga unaofunika mabonde ya chini, na mto uliokuwa na maji mwaka mzima unabaki kitanda cha mchanga mweupe ambacho watu huchimba visima vya mkono katikati yake ili wapate ndoo moja.

Kwa hiyo korongo moja linaumiza watu mara mbili. Wa juu wanapoteza shamba kwa kuliwa, wa chini wanapoteza shamba kwa kufukiwa. Na mara nyingi sana, wa juu na wa chini hawako kijiji kimoja.

Mjomba wangu amewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji. Masika moja mchanga ulifunika mashamba ya mbaazi ya watu wake, na nilipokwenda kumjulia hali alinitembeza mpaka mwisho wa eneo lake.

"Mjomba," aliniambia, "kitongoji changu kinaishia kwenye ule mkuyu. Mchanga unatoka juu ya mkuyu. Nimwite nani kwenye kikao?"

Nilikuwa na majibu ya kisomi tayari, ya kata na tarafa, nikanyamaza, kwa sababu ukikaa na swali lake na kulifuatilia kwa dhati, unajikuta na orodha ndefu. Shamba la juu liko chini ya halmashauri ya kijiji kingine. Ikiwa kilele kina msitu wa hifadhi wa serikali kuu, huyo ni Wakala wa Huduma za Misitu. Barabara ya kijijini inayokata mteremko iko kwa TARURA tangu wakala huo uanzishwe mwaka 2017, na ile ya lami chini iko TANROADS. Bomba la maji la kijiji ni la RUWASA. Mto wenyewe, kama rasilimali, uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, ambayo makao yake ni Singida. Na ikiwa kwenye mwamba wa karibu kuna michoro ya kale, basi pale kuna mpaka mwingine tena, wa Urithi wa Dunia: UNESCO iliyaorodhesha maeneo ya michoro ya miambani ya Kondoa mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba 2,336 kwenye kingo hizo hizo za Bonde la Ufa. Kila ofisi katika hizi ina sheria yake, bajeti yake na mwaka wake wa mipango. Korongo lina masika yake.

Sisemi kwamba ofisi hizi hazifanyi kazi. Nimekutana na mabwana misitu na mafundi wa maji waliopanda milima hiyo kwa miguu kwenye tope ambalo gari lilishindwa. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye mteremko mzima, kutoka kileleni mpaka mtoni, ni jukumu lake. Nilishuhudia kalavati lililowekwa ili kuokoa barabara likikusanya maji ya upande mzima wa kilima na kuyatapika kwenye shamba la mama mmoja mjane. Barabara ilipona. Kwa aliyeweka kalavati kazi ilikuwa imekamilika na kukaguliwa. Kwa yule mama, lilikuwa limezaliwa korongo.

Utawala wa huku umebadilika mara nyingi, na kila mabadiliko yameacha alama ardhini. Wajerumani walijenga boma Kondoa na kutawala kupitia maakida na majumbe. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1926, wakaweka utawala wa machifu chini ya mkuu wa wilaya, na walipouona mmomonyoko wakaleta dawa zao: kuchimba matuta ya kukinga maji, kupanda mikonge kwenye makorongo, kupunguza mifugo, kufunga maeneo. Kitaalamu mengi kati ya hayo yalikuwa sahihi. Lakini yalifanywa kwa amri na kwa kazi ya lazima, na mtu aliyelazimishwa kuchimba tuta halipendi tuta hilo. Uhuru ulipokuja, watu wengi waliacha kuyatunza. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikafutwa katika mpango wa Madaraka Mikoani. Kisha zikaja operesheni za vijiji, watu wakasogezwa pamoja, na katika nchi ya milima kusogeza nyumba mia mahali pamoja maana yake ni kusogeza kuni, mifugo na njia za kisimani mahali pamoja. Halmashauri zilirudishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo ilipotokea HADO, na hapa nitakaa kidogo.

Hifadhi Ardhi Dodoma ilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Mwanzoni ilitegemea mashine na miti: matrekta yalichonga makinga maji, vitalu vikaotesha miche. Lakini matuta yalikanyagwa na miche ikaliwa. Mwaka 1979 serikali ikachukua uamuzi ambao wazee wa kwetu wanauhesabia miaka, kama watu wengine wanavyohesabu kwa njaa au vita. Mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililoharibika zaidi, na hilo ndilo sehemu kubwa ya milima ya Irangi. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Makumi ya maelfu ya wanyama waliteremshwa kwenda nyikani, kwa ndugu, kwa marafiki wa kufugiana, au sokoni.

Matokeo yalionekana haraka kuliko wengi walivyotarajia. Majani yalirudi kwenye miteremko. Miti iliyokuwa visiki ikachipua. Kuta za makorongo zikaota nyasi na kutulia, na kwenye mabonde ya mchanga watu wakaanza kulima viazi vitamu, miwa na mboga. Anayepita leo kati ya Kondoa na Kolo akaona vichaka vya kijani kwenye vilima vilivyokuwa vyekundu, anaona kazi ya uamuzi ule. Wataalamu wa udongo wamekuja Kondoa kuusoma, na wana haki.

Lakini kulikuwa na bei. Nyumba ikikosa ng'ombe inakosa maziwa, inakosa samadi, inakosa mahari, inakosa akiba ya siku ya ugonjwa. Ikikosa punda, mwanamke ndiye anayebeba kuni na maji. Waliokuwa na ndugu nyikani walihama na mifugo yao. Wengine hawakurudi, na leo utawakuta Warangi Kiteto na Babati wakiwa na wajukuu waliozaliwa huko. Vijiji vya mabondeni vilivyopokea mifugo hiyo vilipokea pia mzigo wa malisho, bila kuulizwa. Mwaka 1989 ndipo ulipoanza mpango wa kufuga ndani, ng'ombe wachache wa maziwa wa kukatiwa majani, na mpango huo uliwarudishia watu wengi heshima yao. HADO kama mradi ilikwisha katikati ya miaka ya 1990.

Kuna kitu kuhusu HADO ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Ndiyo mara pekee katika historia ya utawala wetu ambapo mpaka wa milima hii ulichorwa kwa kufuata udongo. Mstari wa eneo lililofungwa ulipita juu ya kata na vijiji, ukafuata mahali ambapo ardhi ilikuwa imeumia. Kwa hilo walikuwa sahihi kabisa. Walichokosea ni kuuchora mstari huo bila mkutano wa kijiji hata mmoja kuwa na sauti ya kweli. Tangu mradi uishe, tumepata kinyume chake: sauti ya kijiji ipo kisheria, mkutano mkuu upo, lakini mstari wa udongo umefutika na kila mmoja amerudi kwenye mpaka wake. Mifugo imerudi milimani kidogo kidogo, na mashamba yamepanda kwenye miteremko ambayo ingebaki na majani.

Mwaka 2012 wilaya ikagawanywa, Chemba ikazaliwa upande wa kusini. Niliifurahia hatua hiyo na bado naiunga mkono. Mtu wa Kwa Mtoro alikuwa akisafiri siku nzima kufuata saini Kondoa, na hakuna hoja ya bonde la maji inayoweza kumwambia aendelee hivyo. Baadaye Mji wa Kondoa nao ukapata halmashauri yake, na Halmashauri ya Wilaya ikahamishia makao yake Bukulu. Kilichokuwa wilaya moja yenye halmashauri moja sasa ni halmashauri tatu, na Mto Bubu unazikuta zote kabla haujafika Bahi, ambayo ni ya nne.

Mgawanyo wa ofisi ni mgawanyo wa mapato. Halmashauri za vijijini hutegemea sana ushuru wa mazao, na huko kwetu hayo ni alizeti, mahindi, mbaazi, ufuta, uwele. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mkulima ni nafuu ya haki. Kwa halmashauri ya milimani, ambayo barabara zake zinabomoka kila masika na wanunuzi wengi wanakutana na mazao mjini chini, ni mfuko mdogo zaidi. Halmashauri yenye mfuko huo inapopanga bajeti, darasa, zahanati na tundu la choo la shule vinakuja kwanza, na nani angesema visije? Kupanda majani kwenye korongo ambalo faida yake itaonekana Bahi hakuwezi kushinda kwenye kikao hicho. Ningekuwa diwani, nami ningepigia kura zahanati.

Kwa hiyo kazi ya kuziba pengo imewaangukia watu wa chini kabisa. Mtendaji wa kijiji ameajiriwa na halmashauri, lakini mara nyingi anahudumia kijiji ambacho vitongoji vyake viko migongo tofauti ya vilima, na kuitisha mkutano mkuu maana yake ni kutembea. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji wamechaguliwa na wananchi na hawana mshahara. Hao ndio wanaoamka usiku kusuluhisha ng'ombe walioingia shambani, ndio wanaoandika barua ya utambulisho ya kijana anayeenda kutafuta kazi Dodoma, ndio wanaojua ni nani ameanza kukata miti juu ya chemchemi. Wakitaka kumzuia kwa sheria ndogo, sheria hiyo inapita mkutano mkuu wa kijiji, inajadiliwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na inahitaji kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Utaratibu huo una maana, unalinda watu dhidi ya sheria za kuoneana. Lakini wakati karatasi inapanda mlima wa ofisi, mvua mbili zimeshapita.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wa Kondoa, Chemba na Bahi wanisikilize, kwa sababu kuna kifaa ambacho tayari tunacho na karibu hatukitumii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 11, inaziruhusu halmashauri za vijiji jirani kufanya makubaliano kuhusu ardhi ambayo watu wanaitumia kwa pamoja na ambayo sehemu yake iko kijiji kimoja na sehemu nyingine kijiji kingine. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 nayo inatambua mipango ya pamoja ya vijiji. Maana yake ni kwamba kijiji cha juu ya mkuyu na kijiji cha chini ya mkuyu wanaweza kukaa mezani, kukubaliana mteremko upi ulale na majani, upi ulimwe kwa makinga maji, mifugo ipite wapi, nani atachangia nguvu kazi na nani atapata haki ya kukata majani ya ng'ombe wa ndani. Hawahitaji wilaya mpya. Hawahitaji mradi wa wafadhili kuwafungulia mlango.

Na si ndoto. Kaskazini tu mwa mpaka wetu, Babati, msitu wa miombo wa Duru-Haitemba ulikuwa ukielekea kutangazwa hifadhi ya serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 1994 vijiji vinavyouzunguka vikapewa kuusimamia wenyewe, kila kijiji sehemu yake, kwa sheria ndogo zao na walinzi wao. Uzoefu huo ni mmoja wa misingi ya misitu ya vijiji ambayo baadaye iliingia kwenye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wale ni majirani zetu, tunaoana nao na tunauziana ng'ombe kwenye mnada mmoja. Walichoweza kwa msitu, sisi tunaweza kwa mteremko.

Upande wa fedha, jambo hili haliwezi kuachiwa Irangi peke yake. Serikali ina mpango wa muda mrefu wa kujenga bwawa kubwa Farkwa, wilayani Chemba, kwenye Mto Bubu, ili kulipatia maji jiji la Dodoma. Sisi tunaoishi mjini tunalisubiri bwawa hilo kwa hamu, na nina sababu ya kulisubiri: mgao wa maji mtaani kwetu naujua. Tangu serikali ihamie Dodoma na mji kupandishwa kuwa jiji mwaka 2018, watu wameongezeka kila siku na visima vya Mzakwe vimebeba mzigo mkubwa. Lakini bwawa lililojengwa chini ya milima inayomomonyoka hupokea maji na mchanga kwa pamoja. Kila tani ya udongo inayotoka kwenye mashamba ya juu ya Bubu ikiingia bwawani inachukua nafasi ya maji ambayo mtu wa Nkuhungu au Mtumba angekunywa. Fedha inayowekwa kwenye ukuta wa bwawa bila kuwekwa milimani italazimika kutumika tena, kwenye kuchota mchanga.

Ndiyo maana nadhani sehemu ya ankara ya maji ya mjini, hata iwe ndogo, ingepaswa kupanda mpaka kwenye vijiji ambako mto unaanzia: kulipia mbegu za majani, kulipia watu wanaochimba makinga maji, kumpa posho ya maana mwenyekiti wa kitongoji anayelinda chemchemi. Bodi ya bonde ipo, inatoza ada za matumizi ya maji, na inaweza kuwa daraja la fedha hiyo. Mamlaka ya maji ipo. Vijiji vipo, vimesajiliwa, vina akaunti benki. Kinachokosekana ni kikao kinachowaweka meza moja mtu wa Kondoa, wa Chemba, wa Bahi na wa Dodoma jiji, kikiwa na mto kama ajenda ya kwanza.

Viongozi wa vijiji na vitongoji waliochaguliwa Novemba 2024 watakuwa madarakani mpaka 2029. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ana haki ya kuingia na kusema. Ndugu zangu tunaorudi nyumbani Idi na Krismasi, na wale wanaobaki huko mwaka mzima, tuanze na ombi dogo kwa mwenyekiti na mtendaji: mkutano ujao wauite pamoja na kijiji cha juu, ufanyike mchana, ukingoni mwa korongo lenyewe, na muhtasari wake uandikwe na kusainiwa na pande zote mbili siku hiyo hiyo.